UCHAMBUZI: Kipupwe cha Meru chaanika pengo katika sera ya nishati

KILA mwaka, kati ya Juni na Agosti, ukungu hutanda juu ya mashamba ya viazi ya Kibirichia na ngano ya Timau, na familia nyingi katika maeneo hayo ya Kaunti ya Meru huingiza jiko la makaa sebuleni hata kabla jua halijatua.

Hali huwa iyo hiyo katika maeneo ya majani chai ya Imenti Kusini na, kwa anayevuka Tharaka Nithi kuelekea kusini, Runyenjes na Manyatta katika Kaunti ya Embu. Katika msimu huu, Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga huonya kuwa joto la usiku katika nyanda za juu hushuka chini ya nyuzi 10. Timau, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huamka siku nyingine ikiwa na sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani.

Kwa wengi, kipupwe ni usumbufu wa miezi mitatu tu. Hata hivyo, kwa mtoto mchanga, mkongwe na mgonjwa wa pumu, huu ni msimu wa hatari, na hatari kubwa zaidi haitokani na baridi yenyewe bali na kile kinachotumiwa kuifukuza.

Makaa yanapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hasikii chochote. Huzidi kusinzia tu. Ndiyo maana habari za watu waliopatikana wamefariki kando ya jiko hurejea karibu kila msimu wa baridi, na kila mara wakuu wa usalama huwataka wananchi wawe waangalifu.

Onyo hilo ni la kweli lakini halitoshi. Mwananchi anaambiwa asilale na jiko bila kuambiwa atumie nini badala yake. Hapo ndipo pengo katika sera ya nishati linapojitokeza.

Kwa zaidi ya mwongo mmoja, serikali imekuwa ikitafuta njia ya kuwaondoa Wakenya kwenye makaa na kuni. Kanuni za Makaa za 2009 ziliwataka wachomaji na wasafirishaji kuwa na leseni. Mnamo Februari 2018, ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, hatua iliyodumu hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Mwaka uo huo wa 2018, mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli.

Gesi ya kupikia nayo imeyumbishwa. Ushuru wa thamani (VAT) uliondolewa 2016, ukarejeshwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ukaondolewa tena Julai 2023. Sasa lengo lililowekwa ni kila Mkenya awe amefikiwa na nishati safi ya kupikia ifikapo 2028.

Neno la kuzingatia hapo ni "kupikia". Katika sensa ya 2019, karibu asilimia 55 ya familia nchini zilisema hupika kwa kuni, na takriban asilimia 12 kwa makaa. Takwimu hizo ndizo huongoza mipango. Lakini huko Kibirichia au Kionyo, jiko lina kazi mbili: likishaivisha githeri, hubaki likipasha nyumba joto hadi watu walale.

Mtungi wa gesi unachukua kazi ya kwanza tu. Chakula kikiiva, moto huzimwa na baridi hurejea. Kwa hivyo familia iliyonunua gesi kwa nia njema hujikuta ingali ikinunua gunia la makaa Julai inapofika, na mpangaji aliyeihesabu kuwa imehama hajui kwamba haijahama kikamilifu.

Gharama ya joto hilo haibebwi na watu wa milimani pekee. Sehemu ya makaa yanayouzwa huko hutoka nyanda kame za chini, Mbeere na Tharaka, ambako baridi si tatizo kabisa. Mti unaokua polepole kwenye ardhi kavu huangushwa ili mtu wa juu apate kuota moto. Mlima unapata joto huku tambarare ikipoteza kivuli.

Je, umeme unaweza kuziba pengo hilo? Kwa hita ya kawaida, ile ya waya unaowaka mwekundu, jibu ni gumu. Chukua mfano wa sebule ndogo yenye dari, inayohitaji joto la kilowati moja na nusu kwa saa nne kila jioni. Hita itakula uniti 6 kwa siku, au 180 kwa mwezi.

Idadi hiyo ina adhabu yake. Tangu mapitio ya bei ya Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na wanaopita hapo. Kundi la mteja hutokana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu, na anayevuka mpaka hulipia uniti zake kwa bei ya kundi la juu. Kipupwe kina miezi mitatu pia. Hita moja yatosha kumpandisha mkulima wa viazi hadi kundi la bei ya juu kabisa.

Kuna mtambo mwingine ambao hauzungumziwi sana katika nyanda hizi: pampu ya joto. Kwa umbo ni kile kiyoyozi cha ukutani kinachojulikana sana Mombasa, ila kinaweza kugeuzwa. Badala ya kutoa joto ndani na kulitupa nje, hulikusanya kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani. Hata hewa ya nyuzi 8 ina joto la kukusanywa.

Kwa kuwa hauzalishi joto bali unalihamisha, mtambo huu hutoa takriban uniti tatu za joto, na pengine zaidi, kwa kila uniti moja ya umeme, mradi nje kusiwe na baridi kali mno. Sebule ile ile iliyokula uniti 180 kwa mwezi itahitaji takriban 60. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 35 kwa taa, redio na televisheni itabaki chini ya 100.

Katika nchi za baridi kali, teknolojia hii imekwisha kuthibitishwa. Norway ni miongoni mwa mataifa yanayoongoza Ulaya kwa matumizi yake. Jimbo la Maine, Marekani, lilijiwekea lengo la 2019 la kufunga pampu 100,000 na likalifikia 2023, miaka miwili kabla ya muda. Huko mnunuzi hulipia mashine inayostahimili nyuzi 20 chini ya sufuri. Mkazi wa Timau hana haja ya kulipia uwezo huo, na ni vyema auzwapo mashine ya bei ghali kwa jina la "baridi kali" aulize baridi gani hiyo.

Yapo maswali mengine ya kuuliza. La kwanza ni iwapo mashine inapasha joto kweli, kwani baadhi ya viyoyozi vinavyouzwa nchini vimetengenezwa kwa ajili ya joto la pwani na hupoza tu. La pili ni kibandiko cha nyota. Kanuni za 2016 kuhusu ufanisi wa vifaa vya umeme zinahusu pia viyoyozi hivi visivyo na mabomba ya hewa, na nyota nyingi humaanisha matumizi madogo ya umeme.

La tatu ni gesi iliyomo ndani ya mashine. R410A huchangia ongezeko la joto duniani karibu mara tatu zaidi ya R32, na gesi za jamii hiyo zinapunguzwa hatua kwa hatua chini ya makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016. Anayenunua leo anafaa kufikiria fundi atapata gesi gani ya kujazia miaka 10 ijayo.

La nne ni mwinuko. Katika mita 2,300, hewa ni nyepesi kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na pwani, hivyo feni ya nje hupitisha hewa yenye uzito mdogo na nguvu ya mashine hupungua. Nambari iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa karibu na usawa wa bahari. Isitoshe, kwenye unyevu wa alfajiri, sakitu huweza kuganda kwenye kifaa cha nje. Mashine itasita dakika chache kuiyeyusha, na huo si ubovu.

Swali linalozua mjadala zaidi ni la idadi ya vyumba. Kuna mitambo ambapo kifaa kimoja cha nje hulisha vipasha joto vitatu, vinne au vitano ndani, kila chumba na kiwango chake. Wazo linavutia, hasa kwa mwenye fleti mjini Meru ambaye ana nafasi ya boksi moja tu ukutani.

Hata hivyo, kwa nyumba nyingi za Meru na Embu mtindo huo una kasoro tatu. Kifaa kikubwa cha nje hakiwezi kushuka chini ya kiwango fulani. Ikiwa ni chumba kimoja cha kulala tu kinachohitaji joto usiku, mtambo utakuwa ukiwaka na kuzima mara kwa mara, ukipoteza umeme na kujichakaza. Pili, kikiharibika, nyumba nzima huzizima. Tatu, gharama yote hulipwa kwa mkupuo.

Mashine ndogo ya chumba kimoja, ya BTU 9,000, hutoa takriban kilowati 2.6, na hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi ikiwa imefungwa. Si pesa kidogo kwa anayengoja bonasi ya majani chai. Lakini inaweza kuwekwa pale wanapokaa nyanya na wajukuu, na ya pili ikangoja mwaka mwingine.

Hata hiyo moja itakuwa kazi bure ikiwa nyumba inavuja. Nyumba nyingi za mawe na mbao katika nyanda hizi zimeezekwa mabati bila dari, na kati ya ukuta na paa mna mwanya unaopitisha mkono. Joto hupanda na kutokea hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ufa wenyewe ndio huo. Dari, ukanda wa kuziba chini ya mlango na pazia zito vina faida kwa kila mtu, awe na umeme au asiwe nao.

Onyo moja ni la lazima: nyumba ikishazibwa, jiko la makaa lisiingie tena ndani. Mwanya uleule unaopoteza joto ndio umekuwa ukitoa sumu.

Jambo la mwisho ni kutegemewa kwa umeme wenyewe. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikumbwa na giza kwa saa nyingi, na katika vijiji vya mlimani kukatika kwa nyaya wakati wa mvua ni jambo la kawaida. Familia iliyotegemea pampu pekee hurudi kwenye makaa usiku huohuo. Blanketi nzito na nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo akiba ya kuaminika.

Serikali ina nafasi ya kusaidia bila kutumia fedha nyingi. Usiku wa manane, mahitaji ya umeme hushuka ilhali mvuke wa Olkaria haulali. Tangu Desemba 2017, viwanda na biashara kubwa vimepunguziwa bei kwa matumizi ya saa hizo, na mapitio ya 2023 yakawakumbuka wenye magari ya umeme. Mteja wa nyumbani hakuguswa, ingawa yeye ndiye anayehisi baridi saa tisa za usiku.

Kaunti za Meru na Embu nazo zinaweza kuanza na majengo zinayosimamia: wadi za kina mama wanaojifungua na madarasa ya chekechea. Mashine moja katika chumba cha watoto wachanga ingewaonyesha wakazi, na mafundi wa Nkubu na Runyenjes, iwapo yanayosemwa juu yake ni kweli.

Muhimu zaidi, mpango wa 2028 unafaa kuongeza swali moja katika hesabu zake. Pamoja na kuuliza familia inapikia nini, iulizwe pia inaota nini. Pasipo jibu la swali hilo, mitungi ya gesi itaendelea kuongezeka nyanda za juu, na magunia ya makaa yataendelea kupanda mlima kutoka Mbeere.