Safu ya Dereva: Pedali ya Breki Inapolegea



Tangu toleo lililopita tumeletewa maswali na vijana kadhaa wa hapa Fordsburg, kila mmoja kwa maneno yake, lakini yote ni swali moja. Hulipia muda katika uwanja wa mbio wa Kyalami, siku ambazo watu huruhusiwa kuingia na magari yao ya kawaida. Huzunguka mara nne au tano kwa raha zao. Kisha pedali ya breki, ambayo asubuhi ilikuwa imara chini ya mguu, huanza kuzama kama mtu akanyagaye mto wa sufi. Gari likishapoa pedali hurejea, au huonekana kurejea, nao hurudi nyumbani. Mzazi mmoja ameongeza swali lake, nalo ndilo lililotufanya tuitoe safu nzima kwa jambo hili: gari lile lile ndilo litakalowachukua mama na watoto kwenda Durban shule zitakapofungwa. Je, li salama?

Kama ni vema au si vema kijana kwenda kukimbiza gari, hilo twawaachia wenye nyumba zao. Sisi twasema tu kwamba afadhali mbio za ndani ya uwanja, penye wasimamizi na gari la wagonjwa, kuliko zile zifanywazo barabarani usiku watu wakiwa wamelala. Wakumbuke, hata hivyo, kwamba bima nyingi za kawaida hazilipi ajali itokeayo uwanjani.

Kyalami iko kiasi cha kilomita 30 kaskazini yetu, njia ya kuelekea Pretoria. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1961, mashindano ya Formula One yakakimbiwa hapo kwa mara ya mwisho mwaka 1993, kisha ukajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2016. Jina lake latokana na Kizulu, lenye maana ya nyumbani kwangu, na msomaji wa Kiswahili atalitambua humo neno letu kaya. Kwa mtu wa breki, jambo kubwa hapo ni mteremko uitwao Mineshaft, yaani shimo la mgodi. Jina hilo halikutolewa bure.

Breki haiui mwendo, huugeuza kuwa joto. Tuchukue gari la kilo 1,200 liendalo kilomita 180 kwa saa, likafungwa breki mpaka kilomita 80. Joto lizaliwalo katika sekunde zile chache lingetosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji ya bomba kwa ajili ya chai. Mjini, mtu hufanya kazi ndogo kuliko hiyo, kisha diski hupata nafasi ya kupoa. Uwanjani kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa katika kila mzunguko, na diski haipati pumziko. Joto hupanda kutoka kwenye diski, hupita katika pedi, huingia kwenye kalipa, na humo ndani hukuta mafuta ya breki.

Mafuta hayo, ambayo kwa hakika si mafuta bali ni kimiminika cha namna nyingine, ndiyo yanayobeba nguvu ya mguu kutoka kwenye pedali mpaka magurudumuni. Yanaweza kuibeba kwa sababu kimiminika hakibonyei. Mvuke hubonyea. Basi yakichemka ndani ya kalipa na kutoa mapovu, mguu huishia kubonyeza mapovu badala ya kusukuma pedi. Huko ndiko kulegea wanakokuuliza vijana wetu, na katika kesi nyingi za uwanjani ndiyo sababu ya kwanza ya kudhaniwa.

Kwa nini yachemke? Kwa sababu yamezeeka, na uzee wake ni maji. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo kupitia mipira na kifuniko cha kikopo chake. Kwa mujibu wa kanuni, mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. DOT 3 hutoka 205 hadi 140. DOT 5.1 hutoka 260 hadi 180. Aidha, sisi wa Johannesburg twaishi kiasi cha mita 1,750 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; kina mama walioyapika maharage Tanga na kuyapika hapa wanaijua tofauti. Mafuta ya breki nayo huchemka mapema kidogo huku juu kuliko pwani. Gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa kwa miaka sita, na hayo ni mengi katika mitaa yetu, linakwenda Kyalami likiwa limekwisha kushindwa kabla ya kuwashwa.

Hata hivyo si kila pedali mbovu ni mafuta yaliyochemka, na hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapowauzia watu vifaa wasivyovihitaji. Yatupasa kuusikiliza mguu.

Pedali ikiwa ngumu kama kawaida, lakini gari halitaki kusimama hata ukikanyaga kwa nguvu zote, mafuta hayana kosa. Zilizochoka ni pedi: zimepita joto la uwezo wake, na mara nyingi utasikia harufu kali ya kuungua. Kumwaga mafuta hapo ni kazi ya bure. Zinatakiwa pedi za namna iliyotengenezwa kustahimili joto zaidi, au dereva apunguze pupa.

Pedali ikizama mara ya kwanza, kisha ikapanda na kuwa imara ukikanyaga mara ya pili upesi, uwezekano mmoja ni kwamba pedi zimesukumwa nyuma, mbali na diski. Hutokea hasa baada ya kupanda kingo za uwanja au kona ndefu, na mara nyingi mkosaji ni beringi ya gurudumu iliyolegea au diski iliyopinda. Kwa wenye Citi Golf, gari lililotengenezwa hapa Afrika Kusini kuanzia 1984 hadi 2009 na ambalo vijana wa Fordsburg hawajaacha kulipenda, tazameni pia dramu za nyuma. Zisiporekebishwa, pedali husafiri mbali kabla ya kushika, nayo ni dalili ya tangu nyumbani, haikungoja uwanja.

Pedali ikishuka polepole huku mguu umetulia, jambo hilo tusilichezee. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, kanyaga kwa nguvu ya wastani na ushikilie kwa nusu dakika. Ikiendelea kuzama, ama mafuta yanavuja nje, na utaona umajimaji ndani ya gurudumu au chini ya gari, ama mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha nayo yanapita humo humo bila tone kuonekana nje. Gari la namna hiyo halipaswi hata kwenda dukani. (Pedali kushuka kidogo pale injini inapowashwa si ubovu, hiyo ni busta inaanza kusaidia mguu.)

Na pedali iliyokuwa laini tangu asubuhi, kabla ya joto lolote, ina hewa iliyoachwa na fundi, au mipira ya zamani inayovimba kama puto inapokanyagwa. Kwenye magari yenye breki za ABS, hewa yaweza kujificha ndani ya pampu yake isitoke kwa njia ya kawaida, mpaka fundi mwenye mashine ya kompyuta aiendeshe pampu hiyo.

Ikikutokea ukiwa mbioni, kanyaga upesi upesi mara kadhaa ili pedali ipande, punguza gia moja moja, na uondoke kwenye njia ya walio nyuma yako. Zunguka mara moja taratibu bila kugusa breki isipohitajika, ili upepo upoze diski, ndipo uingie kupumzika. Ukisimama usivute hendibreki wakati breki zingali moto. Weka gia na uzuie magurudumu kwa jiwe au kigogo. Kisha usirudi uwanjani siku hiyo. Mvuke ukipoa hugeuka tena kimiminika na pedali hupanda, ila maji yaliyomo hayakwenda popote, na safari ya pili yatachemka vile vile. Watu wengi hudanganyika hapo. Wazee wetu waliofuatilia Safari Rally watamkumbuka Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Kwenye mashindano ya namna ile, gari lisilofika halihesabiwi hata likiwa na kasi ya namna gani.

Sasa swali la mzazi. Durban si uwanja wa mbio, lakini njia yake ina Van Reenen, ambako barabara ya N3 huuacha uwanda wa juu na kuteremkia KwaZulu-Natal. Joto halihitaji kasi, mteremko na mzigo vyatosha. Gari la kilo 1,800, pamoja na watu sita, mabegi na sufuria la biriani, kwa kila mita 100 lishukazo huzalisha joto la kuchemsha lita tano za maji, na kile kisichozuiwa na injini na upepo huziangukia breki. Aliyeshuka Kitonga kwa basi, akielekea Morogoro kutoka Iringa, hahitaji kuelezwa. Na karibu na mwisho wa safari, kwa apitaye njia ya M13, kuna mteremko wa Fields Hill, Pinetown, ambako tarehe 5 Septemba 2013 lori lililoshindwa kusimama liliua watu 24. Breki za malori hutumia upepo badala ya mafuta, lakini mlima ni ule ule.

Kwa hiyo jibu letu: gari ambalo pedali yake ililegea uwanjani lisipande familia mpaka mafuta yote yabadilishwe, si kuongezwa juu. Inunuliwe chupa iliyofungwa, DOT 4 au 5.1, DOT 5 ni kitu kingine kabisa, cha silikoni, na haichanganywi na hizo. Watu wawili watoshea: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwenzake anafungua kiskrubu cha gurudumu, anakifunga, ndipo mguu unaachiwa. Utaratibu wa magurudumu hufuata kitabu cha gari. Kikopo kisiachwe kikauke hata mara moja, na kwenye gari kuukuu pedali isigongwe mpaka sakafuni, maana mipira ya masta silinda itakwaruzwa na kutu ya mahali ambapo haijapata kufika. Baada ya hapo fanyeni jaribio lile la nusu dakika. Njiani, Van Reenen ishukwe kwa gia ndogo tangu juu kabisa, si katikati ya mteremko.

Yakimwagikia bodi, mafuta hayo yaoshwe kwa maji mara moja, kwani hula rangi. Na yatakayobaki chupani yasiwekwe kabatini kungoja mwaka ujao, hata kifuniko kikikazwa namna gani.