Mkaa wa Nyama Choma Watoka Wapi?

Jioni mjini Eldoret baridi huingia mapema. Mji huu, uliopandishwa hadhi na kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, umekaa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu atokaye kazini hahitaji kushawishiwa sana ili ajongee mahali penye moto. Ndiyo maana nyumba za nyama choma hazikosi wateja. Mteja husimama mbele ya nyama iliyotundikwa, akaonyesha kwa kidole ubavu au mguu autakao, akapimiwa nusu kilo au kilo, kisha akaketi kungoja. Baadaye nyama huletwa juu ya ubao, ikakatwakatwa mbele ya macho yake, pamoja na ugali, kachumbari na chumvi kando.

Katika shughuli hiyo yote maswali huwa mengi. Mbuzi huyu amechinjwa leo? Mbona mfupa umezidi? Lakini liko swali moja lisiloulizwa, nalo ni kuhusu mkaa ulio chini ya wavu: ni wa mti gani, na mti huo ulikatwa wapi? Hivi majuzi nilimwuliza mchomaji mmoja swali hilo. Alicheka, akajibu, "Mkaa hutoka kwa lori, mwalimu."

Jibu hilo si la kuchekwa. Wazee wa Uasin Gishu wanakumbuka wakati ambapo lori hilo halikuwa na safari ndefu. Kampuni ya East African Tanning Extract, iliyofahamika zaidi kwa jina la EATEC, ilikuwa na mashamba makubwa ya miwati pande za Eldoret. Mwati ni mti ulioletwa kutoka Australia. Gome lake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi, na shina likishaambuliwa gome hutoa mkaa mzuri. Mti ulipandwa, ukatunzwa kwa miaka minane hadi kumi hivi, ukakatwa, na mwingine ukapandwa mahali pake. Mkaa wa namna hiyo ulikuwa zao la shamba, kama yalivyo mahindi.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii mashamba hayo yaliuzwa. Leo mahali pengi palipokuwa na miwati pana mahindi, ngano na nyumba za kuishi. Sisemi kwamba kuuza kulikuwa kosa, kwa sababu watu walihitaji ardhi, na mwati wenyewe una ubaya wake: ukiachwa bila ulinzi huvamia mashamba na kingo za mito. Ninalosema ni kwamba tuliondoa zao bila kupunguza hamu ya kulitumia, na hakuna aliyesimama kuuliza pengo litajazwa na nini.

Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hayo yaliondolewa Julai 2023. Je, katika miaka hiyo yote nyama choma ilikosekana? Haikukosekana hata siku moja. Mkaa uliendelea kufika, na mwingi wa mkaa unaotumika katika miji ya Kenya hutokana na migunga na miti mingine ya nyanda kame, ambayo hukua polepole na haipandwi na mtu. Ikumbukwe pia kwamba katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kugharimu kilo saba hata kumi za kuni. Kanuni za mkaa zilitungwa mwaka 2009, zikataka wachomaji wajiunge katika vyama na wapate leseni. Wangapi kati yetu tulao nyama tumewahi kuzisikia?

Wako wanaodhani kuwa kuuliza asili ya mkaa ni anasa. Hebu tuwatazame Wajapani. Wana mikahawa midogo ya yakitori, yaani vipande vya kuku vilivyotungwa vijitini mithili ya mishikaki ya Mombasa. Si mahali pa matajiri: watu huketi bega kwa bega baada ya kazi, na mpishi yu mbele yao na upepeo mkononi. Mkaa unaosifika sana huko huitwa binchotan. Hutokana na aina ya mwaloni iitwayo ubame, na ule wa Wakayama ndio wenye jina kubwa. Wachomaji wa jadi hukata mashina makubwa tu na kuacha membamba yakue katika kisiki kile kile, ili wajukuu wao nao wapate cha kukata. Mwisho wa uchomaji huingiza hewa tanurini mpaka joto lipite nyuzi 1,000, kisha huutoa mkaa ungali mwekundu na kuufukia kwa majivu na mchanga. Ukigonganishwa hulia kama chuma, nao hautoi moshi mwingi. Bila shaka ni ghali, na mikahawa mingi ya huko huchomea mkaa wa bei nafuu au gesi. Lakini jina la mti linajulikana.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mama wa Kikalenjin atengenezaye mursik hapakazi kibuyu chake mkaa wowote tu. Huchagua mti, mara nyingi senetwet, na akikosea mti familia nzima hulalamika. Ujuzi huo tunao kwa maziwa, ila kwa nyama tumeuacha.

Walimu na wanafunzi wana sehemu yao hapa. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza mwaka 1984, wanafunzi wake wa kwanza, 83 kwa idadi, walikuwa wa elimu ya misitu waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Hatuwezi basi kusema kuwa jiji hili limekosa wataalamu. Kaunti ingeweza kuwataka wenye nyumba za nyama choma waonyeshe mkaa wao umetoka kwa nani, kama waonyeshavyo muhuri wa mkaguzi wa nyama. Shule zenye ardhi zingeweza kupanda miti ya kuni na mkaa, na hesabu ya miti na magunia ikafanywa darasani. Atakayesema kwamba bei ya nyama itapanda anasema kweli. Bei ya sasa, hata hivyo, sehemu yake inalipwa na mfugaji wa nyanda kame ambaye kivuli cha ng'ombe wake kimetiwa guniani.

Mchomaji wangu ameniambia kuwa lori huja Jumamosi alfajiri. Nimemwomba anijulishe kwa dereva.