Bastola za mitumba Eastlands: Kinga ya mnyonge au mtego wa mnunuzi?

SWALI la iwapo mwananchi wa kawaida anafaa kujihami kwa bastola haliulizwi tena kwa kunong'ona katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Mwenye duka la M-Pesa mtaani Kayole, mfanyabiashara wa jumla anayetoka Gikomba na mauzo ya siku, mwenye nyumba za kupangisha Umoja au Pipeline na dereva anayefunga kazi Dandora usiku wa manane, wote wana sababu ya kuliuliza.

Kwa kawaida swali hilo huja likiwa limevaa vazi la bei. Ni bastola gani ndogo inayofichika kiunoni? Ipi haitamfilisi mnunuzi? Ni maswali ya mtu aliyechoka kuporwa, na si haki kumkejeli. Hata hivyo, katika jiji hili bei ya chini ndiyo inayoficha hatari kubwa zaidi, na anayeanza hesabu yake kwa bei huikamilisha kwa hasara.

Mitumba ya majeshi

Bastola rahisi si jambo geni duniani. Baada ya Vita Baridi kumalizika na Muungano wa Sovieti kusambaratika mwaka 1991, majeshi na idara za polisi za Ulaya Mashariki zilijikuta na maghala ya silaha zisizohitajika tena. Nyingi ziliuzwa nje, hasa Marekani, ambako raia aliweza kununua kwa bei ya chini bastola iliyowahi kuwa ya askari wa Poland, Bulgaria au Czechoslovakia.

Hapo ndipo wanunuzi wa Marekani walipoanza kulinganisha: Makarov ya Kirusi inayobeba risasi nane na kusifiwa kwa uimara wake, P-64 ya Poland iliyo ndogo zaidi na yenye risasi sita, CZ 82 ya Czechoslovakia yenye risasi 12 lakini pana mkononi, na Tokarev, ya zamani kuliko zote hizo, ambayo kiwandani ilitoka bila kitufe cha kawaida cha kuizuia isifyatuke.

Hata katika soko hilo halali, bei haikuwa jambo la mwisho. Makarov na CZ 82 hutumia risasi ya milimita tisa ambayo si sawa na ile ya Parabellum iliyoenea kwingi duniani. Ganda lake ni fupi kwa milimita moja na risasi yenyewe ni nene kidogo, kwa hivyo haziwezi kubadilishana. Aliyenunua bastola kwa bei ya kutupa aliweza kuhangaika kutafuta risasi zake. Naye aliyeitia kiunoni Tokarev ikiwa na risasi ndani ya mtutu alikuwa amebeba hatari dhidi ya paja lake mwenyewe.

Afrika Mashariki nayo ina mitumba yake ya majeshi, ila haikupitia mnada wala forodha. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto nchini Uganda liliporwa. Mwaka 1991 Siad Barre alipinduliwa Somalia, na miezi michache baadaye Mengistu Haile Mariam akakimbia Ethiopia. Shehena kubwa za silaha zilibaki bila mwenyewe. Nyingi zilikuwa bunduki za vita, lakini bastola pia zilikuwamo, na mipaka ya Kenya ni mirefu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na asasi ya serikali inayosimamia udhibiti wa silaha ndogo pamoja na shirika la Small Arms Survey la Geneva ulikadiria kuwa silaha kati ya 530,000 na 680,000 zilikuwa mikononi mwa raia nchini. Shirika hilo hilo lilikadiria idadi hiyo kuwa 750,000 kwa mwaka 2017. Zenye leseni ni sehemu ndogo mno ya jumla hiyo.

Dukani na kichochoroni

Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna Mkenya aliye na haki ya moja kwa moja ya kumiliki bastola. Anayetaka cheti lazima aonyeshe sababu ya maana, na anayetoa cheti aridhike kwamba usalama wa umma hautahatarishwa. Mlevi na mwenye maradhi ya akili hawaruhusiwi. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, aliteua bodi mpya ya leseni na kuamuru wamiliki wote wapigwe msasa upya katika muda wa siku 90. Hatua hiyo yenyewe ilikuwa ungamo kwamba leseni zilikuwa zimewafikia watu wasiostahili.

Bastola mpya katika duka lenye leseni jijini Nairobi huhesabiwa kwa laki za shilingi. Ongeza ada, mafunzo, sefu ya kuihifadhia nyumbani na uhuishaji wa cheti, na mwenye kibanda Kariobangi ataona kwamba mlango huo haukujengwa kwa kimo chake. Sheria haimtaji tajiri wala maskini, lakini gharama huwachuja wawili hao kabla hata bodi haijaketi.

Hapo ndipo kichochoro kinapomwita. Silaha ya kichochoroni haina karatasi, haina ada na haina maswali. Ukosefu huo wa maswali ndio unaostahili kumtia hofu mnunuzi.

Silaha yenye rekodi

Taarifa za polisi kuhusu uhalifu jijini hutaja mara kwa mara bastola aina ya Ceska, jina linalotokana na kampuni ya Czech inayoitengeneza. Aina hiyo pia hubebwa na maafisa wa polisi wa Kenya. Imeripotiwa kwa miaka mingi kwamba baadhi ya silaha zinazotumiwa kupora hukodishwa kwa usiku mmoja na kurejeshwa asubuhi, na kwamba baadhi hutoka mikononi mwa walinda usalama waasi au huporwa kutoka kwa askari waliouawa. Kuna pia zile zinazochomelewa na mafundi kwa mabomba ya chuma, ambazo huweza kumlipukia anayefyatua.

Mnunuzi wa bastola ya namna hiyo hununua pamoja nayo kila tendo ambalo imewahi kutumiwa kutenda. Mtutu huacha alama kwenye risasi, na sindano ya kufyatulia huacha alama kwenye ganda. Wataalamu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai hulinganisha alama hizo, na maabara mpya ya kitaifa ilizinduliwa katika makao makuu ya idara hiyo, Barabara ya Kiambu, mwaka 2022. Mfanyabiashara mwaminifu wa Buruburu atakayepatikana na bastola iliyoua mtu miaka mitatu iliyopita atakuwa na mengi ya kueleza, na hatakuwa na risiti ya kumtetea.

Hata akiponea hapo, kumiliki silaha bila cheti ni kosa lenye kifungo cha miaka mingi. Akimpiga mtu risasi, Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua haki ya kujitetea kwa kufuata misingi ya sheria ya Kiingereza, yaani nguvu itumikayo ilingane na hatari iliyopo. Mahakama itauliza kama mwizi alikuwa bado anashambulia au alikuwa ameanza kukimbia. Mshtakiwa aliyeshika silaha haramu huanza kujibu swali hilo akiwa tayari ameinamisha kichwa.

Mbele ya polisi

Liko pia jambo ambalo mkazi wa Eastlands analijua kuliko mkazi wa Karen. Machi 31, 2017, video kutoka Eastleigh ilionyesha mwanamume aliyevaa kiraia akiwafyatulia risasi vijana wawili mchana, umati ukitazama. Mnamo 2022, baada ya uchunguzi wa halmashauri ya IPOA, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha afisa mmoja wa polisi ashtakiwe kwa mauaji. Mwaka huo wa 2017, kituo cha haki za kijamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani.

Katika mazingira hayo, kijana aliyeficha bastola chini ya fulana, hata kama nia yake ni kulinda duka la mamake, amejiweka kwenye kundi ambalo huenda lisiulizwe chochote. Mtaani hakuna anayesoma cheti kutoka umbali wa mita ishirini.

Hoja ya Westgate

Wanaotetea raia kujihami wana mfano wenye uzito. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate na kuua watu 67, baadhi ya waliotangulia kuingia kuwaokoa wengine walikuwa raia wenye bastola za leseni. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alionekana duniani kote akiwa ameshika bastola huku akisaidia kuwatoa watu. Ushujaa huo haupingiki.

Lakini mfano huo unafaa kusomwa wote. Raia hao walikuwa na leseni na uzoefu wa silaha. Pia iliripotiwa kwamba afisa wa kikosi cha Recce aliuawa na risasi za wanajeshi waliokuja kusaidia. Ikiwa waliofunzwa huchanganyikiwa kiasi hicho, itakuwaje katika matatu iliyojaa abiria Jogoo Road saa mbili usiku?

Tena uporaji wa mtaani haupigi hodi. Mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, aliuawa Aprili 30, 2025 akiwa ndani ya gari katika Ngong Road, na muuaji akatoroka kwa pikipiki. Shambulio la aina hiyo humalizika kwa sekunde chache. Mshambuliaji ndiye huchagua wakati, na bastola iliyofichwa vizuri kiunoni huchelewa kutoka. Mwishowe huenda ikawa sehemu ya mali iliyoporwa, na mtaa ukaongezewa silaha nyingine.

Kinachowezekana

Kumwambia mkazi wa Kayole asinunue bastola pasipo kumpa usalama ni kumpokonya fimbo na kumwacha na mbwa. Serikali ina wajibu wa kutangulia. Juni 2021 iliteketeza silaha 5,144 Ngong, na kabla ya hapo nyingine 5,250 mnamo 2016. Moto huo una maana iwapo tu bomba linaloleta silaha mpya limefungwa. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 2004 unazitaka nchi wanachama zitie alama silaha zao na kuweka kumbukumbu zake. Basi kila bastola ya polisi inayopatikana kwa mhalifu ifuatwe hadi kwa afisa aliyeitia saini, na matokeo yatangazwe.

Yapo pia ya gharama ndogo. Taa za mulika mwizi zilizozimika ziwashwe. Vituo vya polisi vijibu simu. Wenye maduka wapunguze fedha taslimu wanazotembea nazo usiku na wafunge kwa pamoja. Anayehisi kwamba maisha yake yamo hatarini kikweli apeleke ombi lake kwa bodi ya leseni, nayo bodi ilipime kwa hatari iliyopo badala ya unene wa mfuko.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Gharama ya bastola ya kichochoroni hulipwa kwa miaka ya gerezani, na wakati mwingine kwa uhai, na mara nyingi anayelipa si yule aliyeiuza.