Daftari chafu la Livingstone na kina mama wa soko la Nyangwe

Kila mfanyabiashara wa mpakani ninayemfahamu ana madaftari mawili. La kwanza limechakaa, lina madoa ya mawese, limeandikwa harakaharaka mteja akiwa amesimama: nani kachukua gunia, nani bado anadaiwa, nani kaomba chai njiani. La pili ni safi, na ndilo analoonyeshwa mkaguzi. Ukitaka kujua biashara ilivyokwenda hasa, unaomba la kwanza.

Yako madaftari mawili ya namna hiyo huko Uskoti, kwenye makumbusho ya David Livingstone mjini Blantyre, alikozaliwa. Yote mawili yanasimulia habari za soko la Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika jimbo ambalo leo ni Maniema, Kongo. Yote ni ya mwandiko wake. Lakini hayasemi mambo yaleyale.

Livingstone alifika Nyangwe Machi 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Akachukua kurasa za gazeti la The Standard la London, akawa anaandika juu ya maandishi ya chapa kwa rangi iliyotokana na mbegu za mmea wa huko. Baadaye, alipopata vifaa, alinakili yote kwa mkono kwenye daftari kubwa, na Stanley akaondoka nalo Unyanyembe, kule Tabora, Machi 1872. Kitabu kilichochapishwa London mwaka 1874, baada ya Livingstone kufariki, kilitegemea nakala hiyo safi. Yale magazeti yalibaki, rangi ikafifia, na kwa karibu miaka 140 hapakuwa na mtu wa kuyasoma sawasawa.

Nani alikuwa anauza Nyangwe? Wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi, wengine walitembea mwendo mrefu na mizigo kichwani: samaki, chumvi, kuku, muhogo, pilipili, mafuta ya mawese, vyungu. Livingstone alipenda kwenda kukaa sokoni na kuwatazama wakipatana bei, na aliona wazi kwamba walifurahia mabishano yenyewe kama walivyofurahia faida. Akaandika pia jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa na thamani kuliko ramani zake zote: hata pale wanaume wa sehemu mbili walipokuwa vitani, wanawake walikwenda sokoni na bidhaa zao kana kwamba kuna amani, na hawakuguswa.

Msomaji unayepeleka mzigo Uvira au Bukavu, isome tena sentensi hiyo. Huo ulikuwa utaratibu wa soko, nao ulikuwepo kabla ya pasi, kabla ya cheti cha asili ya bidhaa, kabla ya jumuiya yoyote kuwa na bendera.

Ulivunjwa tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo kulikuwa na watu wapatao 1,500 sokoni. Wakaingia watu watatu wenye bunduki, wa kundi la Dugumbe, mfanyabiashara aliyetoka pwani. Mmoja alibishania bei ya kuku, kisha akamnyakua. Livingstone alikuwa ameshageuka aondoke aliposikia milio. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana, wengi wakajitupa mtoni na kuzama. Wafanyabiashara wa pwani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliongeza msukumo uliomfanya Sultani Barghash atie saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar, Juni 1873.

Hadithi hiyo tuliijua kwa nakala safi. Kufikia mwaka 2011 timu ya watafiti iliyoongozwa na Adrian Wisnicki, ikishirikiana na Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ilikuwa imepiga picha zile kurasa za gazeti kwa mianga ya aina mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho, kisha kompyuta ikatenganisha mwandiko na chapa. Walipolinganisha, wakakuta kwamba Livingstone alipokuwa ananakili alirekebisha. Maneno yake kuhusu mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamepunguzwa makali au kuondolewa, kiasi kwamba watafiti waliuliza kama baadhi yao hawakuhusika na mauaji yale.

Simshangai. Aliyewahi kukaa usiku akiandaa hesabu za kupeleka kwa mkaguzi anajua kalamu inavyoteleza. Ninachokataa ni sisi kuendelea kufundishwa daftari safi peke yake.

Najua kuna watakaosema, ya nini kuhangaika na maandishi ya Mzungu? Jibu langu ni kwamba wale kina mama hawakutuachia maandishi yao, na huyu, pamoja na kasoro zake, alikaa pale sokoni akahesabu. Wapo pia watakaoona vibaya kwa sababu waliofyatua risasi walikuja kwa njia ileile iliyoleta Kiswahili Maniema. Ni kweli. Lugha hii ninayoandikia, ambayo leo inatuwezesha kupatana bei kutoka Mombasa hadi Kindu, ilipita pale ikiwa na bunduki begani. Tusikwepe hilo. Mwenzako wa Kongo analijua, hata asipokuambia.

Picha za kurasa hizo zipo wazi mtandaoni, bure, pamoja na maandishi yake yaliyochapwa upya. Kwa Kiingereza. Mwenye duka Kasongo, ambaye babu zake huenda walikuwa wakiuza pale, hana namna ya kuzisoma. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Kazi ndiyo hii hapa: madaftari yote mawili yatafsiriwe, yachapwe ukurasa kwa ukurasa, la gazeti kushoto na lile safi kulia, ili msomaji aone mwenyewe palipofutwa. Si kazi ya mamilioni. Ni wafasiri wachache, mtu mmoja anayejua lugha za Maniema, na makubaliano na watunzaji wa Blantyre.

Kisha vitabu hivyo visiishie kwenye rafu za vyuo vikuu. Vipelekwe Kigoma, Kalemie, Bujumbura na Uvira, kwenye ofisi za vyama vya wafanyabiashara na kwenye vile vyumba vya mpakani ambako kina mama husubiri saa nzima kugongewa muhuri. Sehemu ya kwanza kutafsiriwa iwe ile ya wanawake kupita salama wakati wa vita, na nakala moja ifike kwa kila kamanda anayeweka kizuizi barabarani Kivu.