Trela Likiwa Letu, Nani Atalitia Grisi?



Katika mikutano yetu ya hivi karibuni hapa Butare limetolewa wazo ambalo limewagawa watu. Wazo lenyewe ni kwamba fedha za ikimina chetu zitumike kupata trela dogo la faiba, yaani kijumba cha magurudumu, ili liwafuate wachumaji wa chai shambani na kuwa mahali pa kujikinga na mvua, pa kunyonyesha watoto na pa kupata kikombe cha uji. Wapo waliocheka, wakasema hayo ni mambo ya watalii wa Nyungwe. Wapo waliopiga makofi kabla ya kuuliza hata swali moja. Sisi tunaliunga mkono wazo hili, lakini waliopiga makofi wanatutia wasiwasi kuliko waliocheka.

Kwanza tueleze shida, kwa ajili ya wenzetu wa saruji na wa mpunga kule Bugarama ambao huenda hawaijui. Mchumaji wa chai huingia shambani asubuhi majani yakiwa bado na umande, kikapu mgongoni, plastiki kiunoni. Hulipwa kwa kilo. Mvua inayotoka upande wa msitu haimwulizi mtu kama ametimiza kilo zake, na kwenye vilele vya Nyungwe mvua hiyo hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Radi ikianza, kimbilio la karibu huwa ni chini ya mikaratusi, na kila mtu anajua kwamba radi hupenda miti mirefu. Mama mwenye mtoto mchanga humwacha nyumbani kwa dada yake mwenye miaka minane, au humbeba mgongoni na kikapu akakifunga ubavuni. Mambo haya si hadithi. Tunayaona kila siku.

Wengine wanauliza: kwa nini tusijenge kibanda cha matofali? Jibu liko katika kazi yenyewe. Chai haichumwi mahali pamoja. Mchumaji hurudi kwenye kichaka kilekile baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi, na katikati ya siku hizo kundi zima linazunguka viwanja vingine. Kibanda cha matofali kitakuwa na kazi siku moja au mbili, kisha kitakaa na mbuzi mpaka zamu irudi. Tunachohitaji ni paa linalotembea na kazi.

Basi tuangalie trela lenyewe. Kijumba cha faiba hakikubuniwa kwa ajili ya matajiri. Mwaka 1968, mjini Winnipeg nchini Kanada, bwana mmoja aitwaye Ray Olecko, aliyekuwa ameshughulika na matangi ya maji machafu ya faiba, alitoa trela lililoitwa Boler. Lilikuwa na urefu wa futi 13 na uzito usiofika nusu tani, hata gari dogo la mtu wa kawaida liliweza kulivuta. Lilitengenezwa kwa maganda mawili, la juu na la chini, yakaunganishwa kiunoni kama yai. Huko Backus, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kiwanda cha Scamp kilishika mfano huohuo katika miaka ya 1970 na bado kinaendelea. Maboler mengi ya zamani yangali barabarani baada ya miaka zaidi ya 50. Ni vitu vichache vilivyotoka viwandani miaka ile ambavyo bado vinaweza kulaza watu wakakauka.

Sababu yake ni nyepesi. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa resini, ambayo ni gundi ya kiwandani, kisha zikaganda. Haipati kutu kama bati, haiozi kama ubao, na mchwa hawana la kufanya nayo. Tena ganda la juu ni kipande kimoja, halina mshono darini. Si lazima tuagize chombo hicho Kanada. Mafundi wa boti za faiba wapo Mwanza, Dar es Salaam na Mombasa, na anayejua kukanda ganda la boti anajua kukanda ganda la trela. Kwetu sisi, kalibu ya fundi wa boti itafaa kuliko trela kuukuu la mtalii, kwa maana tutachagua wenyewe milango na urefu wa ekseli.

Hapa ndipo waliopiga makofi wanapaswa kutusikiliza. Ganda halifi, lakini kila kilichotobolewa kwenye ganda hufa. Madirisha, tundu la hewa la juu, ribiti zinazoshika makabati, yote hayo ni milango ya maji. Tone moja kwa saa halionekani na mtu. Linashuka ndani ya ukuta, linafika kwenye sakafu ya plaiwudi, na baada ya misimu miwili ya mvua mguu wa mtu unazama sakafuni. Mwenye trela la faiba hulia kwa sakafu, halii kwa ganda. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya rangi na kabla ya pazia, ni mtu mmoja kukaa ndani na tochi wakati mwingine anamwaga maji juu kwa ndoo, dirisha baada ya dirisha, tangu chini kwenda juu. Panapovuja pafunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe yote, ndipo mpya iwekwe. Kupaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani ni kujidanganya, na tumewaona mafundi wa mabati wakifanya hivyo kwenye nyumba zetu.

Ganda likipasuka, tuseme trela limegongwa na lori la majani, mtu yeyote mwenye subira anaweza kulitengeneza. Pembe za ufa husagwa kwa msasa mpaka ziwe mteremko mpana, pakasafishwa kwa asetoni, kisha mkeka wa nyuzi za kioo ukalazwa tabaka juu ya tabaka pamoja na resini. Dawa ya kugandisha huwa sehemu moja au mbili kwa mia ya resini, haizidi. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 15 hivi resini haigandi vizuri, na asubuhi za juu huku ni baridi na zina ukungu. Kazi hiyo ifanywe mchana wa kiangazi, au trela lishushwe Bugarama ambako joto halihitaji kuombwa.

Lakini sisi ni chama cha wafanyakazi, na hatuwezi kusema resini bila kusema mapafu. Vumbi la faiba ni kioo. Huwasha ngozi na huingia kifuani. Mvuke wa resini hiyo una styrene, kitu ambacho shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilikiweka mwaka 2018 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha kansa kwa binadamu. Ile dawa ya kugandisha ikirukia jicho inaweza kulipofusha. Na ikichanganywa moja kwa moja na dawa ya kobalti, ambayo mafundi wengine hutia katika resini, inaweza kulipuka. Basi msasa usipigwe bila barakoa ya kweli, kitambaa cha mdomoni hakitoshi. Kazi ifanyike nje, macho yafunikwe, na watoto wasisogee. Hatutaki kumkinga mchumaji na mvua kwa kumwua fundi.

Chini ya ganda kuna chuma, na chuma hakisamehe. Fremu za Boler za zamani zilijulikana kupasuka karibu na pale mkono wa kukokotea unapopinda. Njia zetu za shambani zitaipata fremu yoyote mahali hapo. Kila mwezi mtu apige magoti, afute tope kwa kitambaa, aangalie kama kuna mstari wa kutu, kwa sababu mstari huo ndio ufa unaoanza. Beringi za magurudumu zifunguliwe mara moja kwa mwaka na kutiwa grisi mpya, na trela likivuka maji mpaka kitovu cha gurudumu zifunguliwe mapema zaidi. Tairi za trela huzeeka kwa miaka hata kama halitembei. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, na ikiisha miaka sita au saba tairi hiyo isiaminiwe hata kama meno yake yanang'aa.

Kuhusu magurudumu tuna shauri moja ambalo tunalipenda sana. Matrela hayo yalikuwa na magurudumu madogo ya inchi 13, mazuri kwa lami. Letu liinuliwe, na lipewe magurudumu ya kipimo kilekile cha pikapu inayolivuta. Hapo tairi moja ya akiba itatosha vyombo viwili, na hatutakaa siku tatu tukisubiri basi la Kigali lilete tairi. Huko ndiko kuboresha kwa maana yake hasa. Wapo wanaotaka kuanza na televisheni.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba hapa ni Rusizi. Kutoka msituni, juu ya mita 2,000, mpaka uwanda wa Bugarama ulio kwenye mita 950 hivi, njia ni mteremko. Trela litasukuma gari kama ng'ombe mkaidi. Uzito unaokaa kwenye kichwa cha kufungia uwe kati ya sehemu 10 na 15 kwa mia ya uzito wote. Ukipungua, trela huyumba nyuma mpaka limtoe dereva barabarani. Sufuria na mitungi ya maji visirundikwe nyuma. Likisimama, mawe yawekwe kwenye magurudumu kabla ya kufungua kichwa, si baada yake.

Na imbabura isiingie ndani hata siku moja. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu tunajua litakavyokuwa: mvua inanyesha, akina mama wana baridi, makaa yanawaka barazani, na mtu mwenye huruma anaivuta jiko ndani na kufunga mlango. Moshi wa makaa usioonekana huua watu wakiwa wamelala, bila kelele. Faiba nayo ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu na huungua upesi. Uji upikwe nje, chini ya turubai, hatua kadhaa kutoka mlangoni.

Sasa tufike kwenye lililo gumu zaidi. Baadhi ya wenzetu wanasema: kumpa mchumaji kivuli ni kazi ya mwajiri, kwa nini sisi tuchange? Wana haki ya kusema hivyo. Sheria ya kazi nambari 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, na hatumfutii deni hilo hata kwa siku moja. Siku tutakayotoa fedha, siku hiyohiyo barua iende kwa mwajiri kumtaka atoe trekta la kuvuta trela kwa kila zamu, na atoe tairi. Lakini hatuwezi kungoja jibu la barua tukiwa chini ya mikaratusi. Tena kitu anachokitoa meneja mmoja huchukuliwa na meneja anayemfuata. Kilichoandikwa kwa jina letu hakichukuliwi hivyo.

Kwa sababu hiyo hatukubali trela liandikwe kwa jina la mtu mmoja, awe mwenyekiti au awe nani. Ikimina hakiwezi kumiliki chombo cha barabarani kwa kupeana mikono tu. Tujiandikishe kama ushirika kwa RCA, karatasi za trela na bima zitoke kwa jina la ushirika, na fedha za matengenezo zikae kwenye akaunti ya pekee katika SACCO ya umurenge, zitoke kwa saini tatu, moja ikiwa ya mchumaji mwanamke. Kapita asilifanye ofisi. Mizani ya kupimia majani isiingizwe humo, maana ikishaingia mizani, watatoka watoto.

Tena fedha za kununua zisiwe fedha zote. Pendekezo letu ni kwamba katika kila faranga nne zitakazochangwa, moja isiguswe wakati wa kununua. Ibaki kwa ajili ya grisi, silikoni, mkeka, tairi na plaiwudi ya sakafu. Kama kwa hesabu hiyo hatuwezi kununua mwaka huu, basi tununue mwaka ujao. Tumeona pampu ngapi za maji vijijini ambazo zilizinduliwa kwa ngoma, kisha zikalala kwa kukosa kipande cha mpira? Hakuna aliyeiba pampu hizo. Zilikosa mtu.

Basi kabla hatujapiga kura tunataka majina. Tunahitaji watu wanne kwa zamu: wawili wa magurudumu na fremu, mmoja wa madirisha na paa, mmoja wa daftari ambalo kila kazi itaandikwa kwa tarehe na kwa saini. Wenzetu wa karakana ya saruji wanaojua beringi tunawaomba hasa, hata kama hawachumi chai. Mkutano utakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda. Kila atakayejiandikisha aje na nguo za kazi, kwa sababu tutaomba trela la majani lililo karibu, tulitie jeki, na tuone ni nani anayejua kulifungua gurudumu na kulirudisha.