Mkimbizi Ni Nani?

Anayetaka kuufahamu msiba wa watu kulazimishwa kuhama makwao hana budi kuanza na swali linaloonekana jepesi: mkimbizi ni nani? Jibu limetofautiana baina ya bara na bara, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani apewe hifadhi.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 ulitungwa kwa kuitazama Ulaya iliyotoka vitani. Kwa mujibu wake, mkimbizi ni aliye nje ya nchi yake kwa kuhofia kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au fikra za kisiasa. Afrika iliona kwamba hayo hayatoshi, kwani bomu halimuulizi mtu fikra zake. Hivyo mwaka 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba uliomtambua pia anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko makubwa. Amerika ya Kusini na ya Kati zilifuata mkondo huo katika Azimio la Cartagena la mwaka 1984.

Hata hivyo, wengi wa waliohamishwa kwa nguvu hawakuvuka mpaka wowote. Nchini Sudan, vita vilivyozuka Aprili 2023 viliwang'oa makwao mamilioni ya watu, wengi wao wakabaki humo humo nchini. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unaibebesha serikali jukumu la kuwalinda watu wa namna hiyo. Je, serikali inapokuwa yenyewe ni upande mmoja wa vita, nani atawalinda?

Wala karatasi pekee si ngao. Bangladesh haijaridhia Mkataba wa 1951, lakini kuanzia Agosti 2017 ilipokea Warohingya zaidi ya 700,000 kutoka Myanmar, ambako sheria ya uraia ya mwaka 1982 ilikwisha kuwafanya wageni katika ardhi ya wazee wao. Nasi Tanzania, mwaka 2014, tuliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wenye asili ya Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na vizazi vyao. Tendo hilo liliwavua jina la ukimbizi walilolibeba kwa miaka zaidi ya 40.

Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabeshi, Makuraishi waliwatuma wajumbe kudai warudishwe. Najashi hakuwatoa, aliwasikiliza kwanza, ndipo akahukumu. Funzo la kisa hicho ni hili: mwenye kubisha hodi asikilizwe kabla hajafungiwa mlango.