MAJI YA KIFUU NI BAHARI YA CHUNGU

Sera ya mwaka 2003 ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo nchini Tanzania humhesabu kuwa mwenye biashara ndogo kabisa yule asiyeajiri watu zaidi ya wanne, na ambaye mtaji wake hauzidi shilingi 5,000,000. Huyo ndiye fundi cherehani wa barazani, mama lishe, seremala na mwenye genge. Yatupasa tujiulize: mtaji wake huliwa na nini kabla haujazaa?

Wako wasemao kwamba huliwa na uvivu na kutoweka hesabu. Ni kweli kwamba wengi hawaweki hesabu, na jambo hilo twalilaumu. Lakini mvivu haamki saa kumi za usiku kwenda sokoni. Twaamini kwamba adui aliye mkubwa zaidi ni wingi wa milango. Mtu mmoja, kwa biashara moja, hutakiwa apite kwa afisa biashara, kwa watu wa mapato, kwa bwana afya, kwa zimamoto na kwa wakaguzi wa mizani. Kila mlango una ada yake na siku yake. Kampuni kubwa humtuma karani. Mnyonge hufunga duka aende mwenyewe, na siku hiyo hauzi kitu.

Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, hata Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza. Mwezi Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Hatusemi kodi isilipwe. Shule na zahanati hujengwa kwa kodi, naye auzaye bila kutoa risiti huiba mali ya wote. Twasema kodi ijulikane mapema na ikusanywe kwa heshima.

Dawa si ngeni. Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Ugawaji ulikuwa na kasoro, lakini wazo lilikuwa jema: malipo mamoja, yanayofahamika. Wazo hilo lifikishwe kwa wafanyabiashara wa daraja la juu kidogo. Mtu alipe mahali pamoja, mara moja, kwa kadiri ya mauzo yake. Kisha ofisi zigawane zenyewe.

Halmashauri zimewekewa na sheria kukopesha bila riba asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Huo ni msaada mkubwa. Lakini kumkopesha mtu kwa mkono wa kulia na kumpokonya kwa mkono wa kushoto ni kutia maji katika pakacha.

Wenye madaraka wakumbuke: ada ambayo mezani kwao ni maji ya kifuu, kwa chungu ni bahari, na chungu huyo ndiye anayelisha nyumba nyingi za nchi hii.